Kona ya Chini, Mkono wa Kulia

Madale ukisema unafanya tingatinga, watu hugeuka kutazama barabarani. Huku kwetu tingatinga ni lile dude la njano linalosawazisha viwanja na kubomoa kuta za waliojenga pasipo pao. Kwa hiyo nilipohamia, Agosti 2020, nikamwambia jirani kwamba kazi yangu ni tingatinga, aliniuliza kwa upole kama nimetumwa na watu wa ardhi. Nikamwambia hapana, mimi nachora. "Unachora ramani?" Nikanyamaza. Ningekuwa na picha hata moja ningemwonyesha.

Sikuwa nayo. Nilikuwa nimeshika brashi miaka tisa, na picha zilizopita mikononi mwangu sidhani kama zinapungua elfu mbili. Ziko Japani, ziko Denmark, ziko kwenye korido za hoteli za Unguja. Zote zina jina la mtu mwingine.

Sisi ni watu wa Tunduru. Anayezijua habari za uchoraji wa tingatinga atatikisa kichwa, maana Edward Saidi Tingatinga naye alizaliwa Tunduru, 1932, na wa kwanza kumfuata walikuwa ndugu zake, ndugu wa mkewe na watu wa kwao: Simon Mpata, Kasper Tedo, Adeusi Mandu, January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia. Alipita kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, akaja Dar es Salaam, akafanya vibarua vya kila namna. Mwaka 1968 hivi, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, akaanza kuchora juu ya vipande vya hadibodi, ile ya dari, kwa rangi ya mafuta inayopakwa baiskeli. Picha zikauzwa Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wageni. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa. Alichora miaka minne tu, na jina lake limegeuka jina la uchoraji mzima, hata mgeni anayenunua twiga aliyekauka jana anaambiwa amenunua tingatinga. Nimeziona picha zake kitabuni. Jina lake ameliandika kwa herufi kubwa, E. S. TINGATINGA, mkono wa mtu asiyeomba radhi.

Mimi nililetwa mjini na mjomba, 2009. Miaka miwili nikauza vitumbua Msasani, ndipo mjomba akaniombea nafasi katika kibanda cha mtu mmoja ambaye hapa sitamtaja. Si pale kwenye ushirika wa Tingatinga ulioanzishwa 1990. Nasema hivyo ili asije akalaumiwa asiyehusika. Kibanda chetu kilikuwa cha mtu na mali yake.

Picha ya kibandani ina mikono mingi. Mmoja anawamba kitambaa kwenye fremu kama anayewamba ngoma. Wa pili anapaka rangi ya nyuma, njano inayoyeyukia kwenye chungwa, chungwa kwenye wekundu, mpaka jua linazama hapo hapo machoni pako. Inaanikwa. Wa tatu anachora umbo kwa chaki, wa nne anajaza. Halafu inakuja kwangu. Mimi nilikuwa mtu wa nukta. Kanga mmoja, ndege, si nguo, anakula nukta mia nne. Chui usiseme. Rangi ikiwa nzito nukta inasimama kama chunusi, ikiwa nyepesi inatiririka na kuharibu kazi ya watu wanne, na hakuna kijiko cha kuipimia: unaijua kwa harufu ya tina na kwa namna tone linavyosita kwenye ncha ya brashi kabla ya kuachia. Nililipwa Sh 3,000 kwa picha. Ikishakauka, bosi anakuja na kibrashi chake chembamba, anainama, anaandika jina lake kona ya chini, mkono wa kulia. Haimchukui hata dakika.

Sikuwa na kinyongo. Naomba niaminiwe hapo. Niliona ndivyo dunia ilivyo: mwenye kibanda ndiye mwenye jina, kama vile nyumba inavyoitwa ya mwenye hati na si ya fundi.

Aliyeniharibia utulivu ni binti yangu. Mwaka 2019 alikuwa darasa la pili, ndiyo kwanza anasoma kila kitu kinachosomeka: mabango, mifuko ya saruji, migongo ya daladala. Usiku mmoja nilirudi nyumbani na picha ya viboko ambayo nukta zake hazikutosha, nikaimalizia kwenye taa. Bosi alikuwa amekwisha kuisaini. Mtoto akainama, akasoma ile kona kwa sauti, herufi kwa herufi.

"Mama, huyu ni nani?"

"Mwenye picha."

"Si umechora wewe?"

"Kazi ni kazi. Kalale."

Akalala. Mimi sikulala.

Habari za 2020, mwaka wa korona, zinajulikana, nitazipitia haraka. Tarehe 11 Aprili ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa, na zilipofunguliwa Mei 18 walioshuka walikuwa wa kuhesabika. Nchi iliyopokea watalii zaidi ya milioni moja na nusu mwaka 2019 ilipata takribani 620,000 mwaka uliofuata. Anayeuza twiga kwa wageni hakuwa na wa kumuuzia. Bosi alifunga kibanda mwezi Mei, akiwa na deni langu la picha 17. Sh 51,000. Sijazipata mpaka leo.

Nikakopa kausha damu. Aliyebuni jina hilo alikuwa mshairi. Nilichukua Sh 200,000 nirejeshe 260,000 ndani ya mwezi, kila Ijumaa 65,000. Ijumaa ya kwanza nililipa kwa kuuza cherehani. Ya pili nilikopa kwa shoga yangu wa kikoba. Ya tatu walikuja vijana wawili wapole sana, wakaniamkia shikamoo, wakabeba jokofu, feni na godoro la mtoto. Yule mdogo alirudi kuulizia kava la rimoti ya feni, akalikuta, akashukuru. Baba wa mtoto alikuwa amekwenda kutafuta Mbeya miaka miwili kabla, na kutafuta kwake kulikuwa hakujaisha.

Ndugu mmoja wa mjomba alikuwa na kiwanja Madale chenye pagale: vyumba vitatu vimepandishwa hadi lenta, kimoja tu kina mabati. Akasema nikae bure, nimlindie tofali na nondo zake. Ndivyo nilivyoingia Madale, nyuma ya kirikuu, na ndoo mbili, begi, mtoto na brashi nne nilizozifunga kwenye soksi.

Dar nzima inaijua Madale kwa sababu ya Diamond Platnumz, kijana wa Tandale aliyekuja kujenga huku. Ukisema unakaa Madale unaulizwa kama ni karibu na kwake. Wanaouliza hawaijui Madale nyingine, ya vilima vya udongo mwekundu, ambako boza la maji likishindwa kupanda unanunua dumu kwa bei ya atakayepanda nalo begani, ambako mvua ikinyesha usiku bodaboda anakuacha chini barabarani na kukutakia heri. Upande wa Wazo kuna mlima unaotafunwa tangu miaka ya sitini kwa ajili ya saruji ya Twiga, na saruji hiyo hiyo inarudi huku kwa malori kuwa nyumba. Kila mtu anajenga. Mchana kutwa unasikia nyundo.

Nikakaanga mihogo. Wateja wangu walikuwa mafundi na saidia fundi, watu wanaokula wamesimama. Wiki ya tatu nikaona kijana anatupa kopo la rangi ya mafuta lililobaki robo, ya kupakia geti. Nikamwambia usitupe, chukua sahani ya mihogo na kachumbari. Akacheka, akanipa. Kesho yake wakaja wanne na makopo. Biashara ikawa hiyo: mihogo kwa mabaki ya rangi.

Tatizo la rangi za mageti ni kwamba hakuna mtu anayepaka geti lake rangi ya machweo. Nilikuwa na nyeusi, kahawia, kijivu, maziwa, na kijani moja iliyokoza, ya mzee mmoja mwenye msimamo wake. Ile njano na wekundu niliolelewa nao sikuwa nao. Na hadibodi nayo ni adimu, siku hizi dari ni jipsamu. Ilibidi nisubiri nyumba ya zamani inayokarabatiwa kule chini ndipo fundi seremala, mzee mtaratibu, akanibandulia bao zima la futi nane kwa nne, lina alama za misumari tu.

Nikalisimamisha kwenye chumba kisicho na paa na nikalitazama siku mbili. Nilijua kutia nukta kwenye mnyama wa mtu mwingine. Mnyama wangu mwenyewe sikuwahi kumwona. Nikachora simba, akatokea simba wa bosi, mdomo ule ule. Nikamfuta kwa tina. Nikachora tena, akatokea yule yule. Siku ya tatu, kwa hasira, nikamweka simba kituo cha daladala, ameshika mfuko wa rambo, anasubiri gari la Tegeta. Hapo mdomo ukabadilika wenyewe. Simba anayesubiri daladala ana uso mwingine.

Baada ya hapo sikusimama. Punda milia akabeba ndoo kichwani. Twiga akawa fundi, hahitaji ngazi. Viboko wawili wakabishana juu ya mpaka wa kiwanja na mwenyekiti wa mtaa, kobe, akiwa katikati. Yote kwa kahawia, kijivu na maziwa, na nukta zangu nyeupe juu yake kama vumbi la mlima. Nilifanya kazi kuanzia saa kumi jioni mihogo ikiisha hadi giza, miezi minne na zaidi.

Masika ya 2021 yakaja. Nilikuwa nimelifunika bao kwa turubai, na upepo uliliondoa turubai usiku wakati mimi na mtoto tunakinga maji upande wa pili. Asubuhi nilikuta hadibodi imevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Rangi ya mafuta haiogopi maji, lakini bao nyuma halikuwa na rangi, na maji yaliingilia huko. Mchoraji aliyezoea hadibodi asingefanya kosa hilo. Anajua kupaka pande zote mbili. Mimi nilikuwa nimebana rangi. Nilibana kopo moja la kijivu, nikapoteza picha.

Hapa ndipo watu wanaotoa ushuhuda husema walipiga magoti, wakainuka na nguvu mpya. Mimi sikuinuka. Nilikaa miezi minne bila kugusa brashi. Nilizitia kwenye kopo la tina na sikuangalia hata kama tina imekauka. Nilikaanga mihogo, nikalipa madeni kidogo kidogo. Jirani, yule wa ramani, akaniomba lile bao akazibie banda la kuku. Nikamwambia achukue, lisikae mbele ya macho yangu. Akalisimamisha ubavuni mwa banda, picha nje, akaliwekea mawe.

Nadhani ilikuwa Agosti. Nilikuwa natoka dukani nikakuta bodaboda wawili wamesimama kwenye banda la kuku, injini zinanguruma, abiria wa mmoja wao, mama mtu mzima, anacheka mpaka kilemba kimelegea. Watoto wa shule walikuwa wamejipanga. Mmoja anawasimulia wenzake: huyu simba kachelewa kazini, yule kobe kala hela za viboko wote wawili. Hadithi hiyo ya hela sikuichora mimi. Aliiona yeye. Nilipita kama mpita njia, nikaingia ndani, nikatafuta brashi. Mbili zilikuwa zimekufa, mbili zikafufuka kwa maji ya moto na sabuni.

Jirani anasema kuku wake hawajawahi kuwa na wageni wengi kama mwaka ule.

Picha ya pili nilianza mwanzoni mwa 2022 na kumaliza Novemba. Mzee seremala alinitafutia bao jingine, na safari hii nilipaka nyuma kwanza, mara tatu. Ni ile ile na si ile ile. Kobe ameongezewa mkoba. Kuna msiba, kuna foleni ya maji, kuna mtoto juu ya mwembe anasoma gazeti lililofungiwa mihogo. Nilipotia nukta ya mwisho kwenye mkia wa kanga, nilijua imekwisha, na mkono ukagoma.

Kona ilikuwa wazi.

Niandike nini? Huku Madale naitwa Mama Fulani, kwa jina la binti yangu, kama wanawake wote. Kibandani niliitwa Dada wa Nukta. Jina nililopewa na baba, Tunduru, halikuwa limetamkwa na mtu mbele yangu tangu mjomba afariki. Na juu ya hayo nilikuwa na sauti ya bibi kichwani. Bibi alikuwa na neno moja kwa mtoto anayejionyesha: "Unajivuna." Kosa lilikuwa jirani ya wizi. Nimekuja kuona kwamba kujivuna na kujivunia vimetenganishwa na herufi moja, na nimefika karibu miaka arobaini nikidhani ni kitu kimoja. Anayejivuna anajitwisha sifa na mikono mitupu. Anayejivunia ana kitu mkononi. Bibi mwenyewe alisuka mikeka ya ukili iliyoombwa vijiji vitatu, na kila aliposifiwa alisema, "Huu? Huu umeharibika." Haukuwa umeharibika. Alikuwa anasema uongo kwa adabu, na sisi wajukuu tukajifunza adabu na uongo kwa pamoja.

Tazama kanga, nguo sasa, si ndege. Maneno yake tunayaita jina, mwanamke anauliza dukani, "Hii jina lake nini?" na bila jina zuri hainunui. Kanga nyingi za Mombasa utazikuta zimeandikwa K.H.E. Mali ya Abdulla, ni za duka la Kaderdina Hajee Essak, la tangu 1887. Kwa hiyo nguo ina jina, tajiri ana jina. Aliyekaa akachora pindo, akazipanga zile korosho, akaujaza mji wake, huyo nani anamjua?

Nilimsimulia kijana mmoja wa bodaboda aliyekuja kula, kwamba naona aibu kusaini. Akafuta mikono, akasema, "Mama, angekuwa Diamond angeandika jina lake katikati ya picha." Sijapata ushauri bora kutoka kwa mtu aliyejaa mhogo mdomoni.

Niliandika kwa rangi ya maziwa, majina mawili, kona ya chini, mkono wa kulia. Mkono ulitetemeka, herufi ya tatu imepinda. Sikuifuta. Binti yangu, darasa la tano wakati huo, alirudi shule akaisoma. Safari hii hakusoma kwa sauti. Alikwenda kumwita jirani, jirani akaja na unga mikononi, akasoma, akanigeukia: "Kumbe ndivyo unavyoitwa?" Tulikuwa tumeishi ukuta kwa ukuta miaka miwili na zaidi. Tukaamkiana upya, kwa majina.

Picha niliiuza. Najua msimulizi mzuri angesema aligoma kuiuza, lakini mimi nilikuwa na mtoto wa kulisha. Mwenye nyumba mpya upande wa Mivumoni aliiona, akarudi na mkewe, mkewe akacheka mbele ya viboko muda mrefu, akasema hao ni sisi na jirani. Wakalipa Sh 650,000 kwa mikupuo miwili. Niliezeka chumba cha pili, nikamaliza kikoba. Nimekwenda kuiona mara mbili. Wameitundika sebuleni, juu ya runinga, na mgeni akija mama mwenye nyumba anasema jina langu kabla hajasema bei.

Tangu 2023 nina wanafunzi, wanawake sita, Jumamosi. Kuna muuza dagaa, kuna fundi cherehani, kuna mwalimu wa chekechea, kuna mama wa miaka sitini na mbili ambaye hajawahi kushika kalamu kwa raha. Sharti langu ni moja na hawalipendi: hakuna kuondoka bila kusaini, hata kama umechora kuku anayefanana na kiatu. Mwanzo wote waliandika Mama Fulani. Nikawaambia huyo ni mtoto wenu, mtoto hajachora kitu. Nimewasomea hata sheria, ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, panaposema mtunzi ana haki ya kutambulishwa kwamba kazi ni yake. Yule wa miaka sitini na mbili aliuliza kama sheria hiyo inahusu na mikeka. Nikamwambia inahusu. Alikaa kimya muda, kisha akaniomba nimwandikie jina lake kwenye karatasi, aende kulifanyia mazoezi nyumbani. Wiki iliyofuata alilileta kwenye picha ya mbuzi. Limechukua nusu ya picha.

Nawe unayesoma haya, kama kuna daftari la mashairi chini ya godoro, kitambaa ulichodarizi ukakifungia sandukuni, wimbo unaoimba jikoni maji yakichemka tu, njoo nacho kama kilivyo. Tunaanza saa nne asubuhi, pagale lenye picha ya kobe mlangoni. Uliza banda la kuku, kila bodaboda analijua. Brashi zipo, na mihogo ipo. Hadibodi uje nayo, na uipake rangi nyuma.